Kura Thelathini na Saba

"Mgeni hupewa maziwa, jirani huambiwa ng'ombe anaumwa."

Neno hili halikudondoka na mvua, wala hatukuachiwa na wahenga ambao hata makaburi yao hayajulikani. Lina siku yake ya kuzaliwa, Jumatatu moja saa nne asubuhi, na lina mahali pake, hapa hapa Kilongo. Na aliyeshikwa na uchungu siku hiyo alikuwa mwanamume mzima aliyevaa koti.

Hivyo ndivyo Bi Nambua alivyowajibu vijana wawili waliomjia mbio, yeye akiwa kwenye kigoda chake anachambua maharage. Bi Nambua aliwahi kugombea udiwani mara tatu na kuanguka mara tatu, na mwenyewe husema hakuna mtu Kilongo anayeijua ardhi kwa karibu kama yeye.

Vijana wenyewe walikuwa mtu na binamu yake. Hoza alikuwa amevaa fulana ya Chama cha Mnara, Namkunda amevaa ya Chama cha Mtungi. Asubuhi ile kila mmoja alikuwa amepita nyumbani kwa Mama Elisa kumwombea kura mgombea wake, na kila mmoja alitoka pale akijipangusa mdomo kwa furaha. Walipokutana njiani wakaanza kubishana nyumba ile ni ya chama gani. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba kuni akawasikia, akasema neno lile, akacheka mpaka mzigo ukataka kumponyoka, kisha akaenda zake.

"Alituchekea nini, Bibi?" aliuliza Namkunda. "Na huyo ng'ombe mgonjwa ni wa nani?"

"Kaeni," alisema Bi Nambua. "Si hapo kwenye maharage yangu, Hoza. Hapo pembeni. Sasa sikilizeni."

Zamani kidogo, Hoza akiwa bado hajaota meno, Chama cha Mnara kilikuwa kimetawala Jimbo hili la Usembe miaka thelathini. Watu walikuwa wamezoea kuona picha ya gavana wa Mnara ukutani kama walivyozoea kuona kenchi darini. Katibu wa chama kwa jimbo zima alikuwa mwana wa hapa Kilongo, Bwana Shechonge. Mtu wa watu, mcheshi, mwenye kicheko kinachofika kabla ya mwenyewe. Alikuwa na koti la rangi ya udongo alilovishwa na mwenyekiti wa kwanza wa chama jukwaani, na hakulivua hata jua likiwaka namna gani.

Mwaka ule uchaguzi ulikuwa mgumu. Tarafa za bondeni zilikuwa zimegawanyika nusu kwa nusu, na kila mwenye akili aliona kwamba gavana atapatikana kwa kura za huku mlimani, yaani Kilongo. Ikienda Kilongo, limekwenda jimbo. Wakubwa wa chama wakamwita Shechonge mjini wakamwuliza, "Katibu, Kilongo ipoje?"

Shechonge akacheka. "Kilongo? Mnaniuliza habari za jikoni kwa mama yangu! Nikiikosa Kilongo, nivueni koti hili mbele ya watu, mpeni mbwa alalie."

Wakaridhika. Fedha na magari yote ya kampeni wakayapeleka bondeni, na huku mlimani wakamwachia yeye na kicheko chake.

Sasa ninyi mmezaliwa hapa, desturi yetu mnaijua, lakini mnaijua kama samaki anavyojua maji, hamjawahi kuitazama. Mgeni akija anakaribishwa barazani, mbele ya nyumba. Analetewa kibuyu cha maziwa kabla hajaulizwa hata jina. Na mtu mwenye kibuyu mkononi haambiwi habari mbaya. Mwiko. Hata kama umefiwa, unameza mate, unangoja. Wazee walisema ukimwambia, maziwa yatamgandia tumboni, na zizi lako litakauka. Mgeni naye anakunywa, anabakiza tone, anasema "Zizi lijae," anarudisha kibuyu na kuondoka asije akawa mzigo. Ndiyo adabu yetu.

Jirani ni mambo mengine. Jirani hapiti mbele. Anazungukia uani, kwenye samadi, anakukuta umeinama nyuma ya ng'ombe. Huyo hapewi kitu. Huyo anapewa kamba ashike.

Shechonge alizaliwa katika adabu hiyo. Lakini tangu awe Katibu, miaka kumi na mbili, alikuwa akija na gari, na gari haliwezi kupita uani. Basi kila nyumba aliingilia barazani. Kila nyumba alipewa kibuyu. Na mwaka ule wa uchaguzi, jamani, maziwa yalikuwa mazito, yalikuwa mengi, yalikuwa yanaletwa kibuyu cha pili kabla cha kwanza hakijaisha! Nyumba iliyompa kibuyu kimoja aliitia alama moja daftarini. Iliyompa viwili, alama mbili. Alipomaliza kuzunguka Kilongo nzima hakukuwa na nyumba isiyo na alama. Akawaandikia wakubwa: "Watu wameshiba. Maziwa yanamwagika. Ushindi ni asilimia tisini, na hiyo nimepunguza kwa unyenyekevu."

Maziwa yalikuwa yanamwagika kweli. Tangi la kupozea maziwa la ushirika lilikuwa limekufa miezi kumi na minne. Lori la kiwandani halikuja tena, maana nani atakuja kubeba maziwa yaliyochacha? Watu walikuwa wanakamua asubuhi, wanakunywa wanachoweza, wanawapa nguruwe wa misheni, na mengine wanayamwaga mtaroni huku wamegeuza uso pembeni. Ada za shule zilikuwa humo. Dawa zilikuwa humo. Mahari ya watu ilikuwa humo mtaroni.

Na Katibu anakunywa, anasema, "Zizi lijae!"

Mara moja tu ukweli ulikaribia kumgusa. Alikuwa kwa Mzee Kihamba, kibuyu cha kwanza kimekwisha, cha pili ndiyo kwanza ameshika. Mzee akakohoa, akasema, "Mwanangu Katibu, kuhusu lile tangi letu..."

Mkewe akamkata kwa jicho. "Baba nanihii! Mtu ana kibuyu mkononi!"

Mzee akanyamaza. Shechonge akacheka, akampigapiga begani. "Lile tangi tulilowaletea sisi? Msinishukuru mimi, kishukuruni chama!" Akanywa, akatia alama mbili, akaondoka.

Njiani, gari likishuka, alimwona mgombea wa Mtungi. Alikuwa Nanzia, yule bibi mifugo aliyezunguka milima hii miaka kumi na tisa kwa miguu, akichanja ndama wa watu. Siku hiyo alikuwa nyuma ya nyumba moja, amepiga magoti kwenye matope, mkono mmoja ndani ya mdomo wa ng'ombe, na pembeni yake kasimama bibi kizee mmoja peke yake ameshika kamba. Hakuna ngoma, hakuna kipaza sauti, hakuna hata bendera.

"Mtazameni mgombea ugavana," Shechonge alimwambia dereva wake. "Kampeni yake ina watu wawili, na mmoja ana pembe!"

Walicheka mpaka bondeni.

Jumapili watu wakapiga kura. Kura zilihesabiwa shuleni mpaka usiku, na msimamizi wa kituo akasema fomu ataibandika asubuhi, watu waende wakalale. Shechonge alilala usingizi wa mtoto aliyenyonya. Jumatatu alipanda Kilongo na ngoma tatu, na ndama aliyefungwa utepe shingoni kwa ajili ya karamu. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wametulia kama wako kanisani. Akapenya katikati yao akitoa mikono kulia na kushoto, akafika kwenye mlango wa darasa la tatu palipobandikwa karatasi.

Mtungi, mia sita na nne.

Mnara, thelathini na saba.

Akasoma tena. Akasogea karibu kama mtu anayesoma dawa. Kisha akaguna, akatabasamu, akamgeukia msimamizi. "Mwalimu, mmegeuza. Yetu mmeiandika kwao na yao mmeiandika kwetu. Rekebisha kabla watu hawajaona."

"Watu wameona, Katibu," alisema msimamizi. "Na hatujageuza. Wakala wako ametia sahihi, huyo hapo nyuma yako."

Wakala wake alikuwa anatazama viatu vyake.

Kicheko cha Shechonge kikafia kooni. Thelathini na saba! Akaanza kutafuta hao thelathini na saba ni akina nani, na hapo ndipo kitu kibaya zaidi kikamjia. Akanong'ona, lakini uwanja ulivyokuwa kimya kila mtu alisikia:

"Mbona kamati ya chama peke yake ina watu hamsini na wawili?"

Aliwatazama wanakamati wake. Walikuwa wamevaa fulana alizowapa. Kila aliyemtazama alitabasamu kwa adabu. Hawakumzomea, hawakumcheka. Laiti wangemzomea, angejua pa kushika! Badala yake mke wa Mzee Kihamba akatoka katikati ya watu, amenyoosha mikono miwili kwa heshima zote, na mikononi ana kibuyu.

"Pole na safari, Katibu. Karibu maziwa."

Shechonge alikitazama kibuyu kile kama mtu aliyemkuta nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili. Akageuka. Akawaacha wapiga ngoma na ndama na utepe wake, akaondoka kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, mpaka kwa shangazi yake, Bi Mwanamvua, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Kama dunia yote imegeuka, shangazi hageuki.

Alimkuta barazani. Kabla hajaketi, shangazi akainuka. "Karibu, baba, karibu. Ngoja nikuletee..."

"Sitaki maziwa!" Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Shangazi, sitaki maziwa. Wamenimaliza. Mji mzima! Wamenichekea mwaka mzima, na moyoni wameninolea kisu. Kwa nini hamkuniambia?"

"Hujafika tukakwambia."

"Sijafika? Nimekuja mara nne mwaka huu! Nimekaa hapa hapa, kwenye kiti hiki!"

"Umepita mara nne," alisema Bi Mwanamvua. "Kupita na kufika si ndugu."

"Ungeniita pembeni, ukaniambia."

"Ulikuwa na kibuyu mkononi."

"Si ungengoja niweke chini?"

"Ulikiweka lini, mwanangu? Wewe ukiweka kibuyu chini unanyanyua funguo za gari."

Kwa mbali ngoma moja ilipigwa kidogo, mtu akaikemea, ikanyamaza.

"Na huyo Nanzia," alisema, "huyo aliambiwa na nani? Alifanya mikutano lini? Nani alimpelelezea siri zenu?"

"Nani ampelelezee? Alipita uani akamkuta ng'ombe."

Lilikuwa limebaki swali moja, na alijua halifai kuulizwa, lakini mtu anayezama hachagui cha kushika.

"Na wewe, Shangazi? Wewe ulimpigia nani?"

Bi Mwanamvua alimtazama kwa muda mrefu, kwa huruma kubwa, kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye ndugu zake wote wameshaambiwa. Kisha akajifunga kanga vizuri.

"Ngoja nikuletee maziwa," alisema, akaingia ndani.

Mnacheka? Yeye hakucheka. Alikaa pale kinywa wazi, mikono imelala mapajani kama si yake. Hasira zote za uwanjani hazikumfikisha mahali maneno yale matatu yalipomfikisha. Shangazi yake aliyemlisha kwa kijiko! Na hata sasa, maiti ikiwa imeshazikwa, bado anafichwa msiba.

Basi akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka kumi na mbili. Aliinuka, akamfuata ndani. Akapita sebuleni, akapita jikoni, akatokea uani.

Harufu ikampiga kwanza. Palikuwa na mapipa mawili ya maziwa yaliyoganda, juu yameota ukungu, nzi wamejaa. Mtaro uliotoka zizini ulikuwa mweupe mpaka kwenye migomba, na migomba yenyewe imeungua majani. Na zizini, ng'ombe wa shangazi, yule yule ambaye maziwa yake alikuwa akiyasifia barazani, alikuwa amelala upande mmoja, kiwele kimevimba na kuwa chekundu, anahema.

Shangazi alikuwa amesimama na kibuyu mkononi, anatafuta cha kujaza.

"Huyu ana nini?" aliuliza Shechonge.

Bi Mwanamvua akakiweka kibuyu chini.

"Umeuliza," alisema. "Miaka kumi na mbili, leo ndiyo umeuliza. Sikiliza basi, Katibu wangu. Mgeni hupewa maziwa. Jirani huambiwa ng'ombe anaumwa. Tulikupa maziwa kwa sababu ulikuwa mgeni. Hatukukuchukia, na usimwambie mtu kwamba tulikuchukia. Mgeni hachukiwi. Lakini nani anamkabidhi mgeni zizi?" Akamtupia kamba. "Haya. Ng'ombe anaumwa. Shika hapo."

Shechonge alilivua koti, akalitundika kwenye ua, akapiga magoti kwenye matope.

Wiki ile Mnara walikaa kikao mjini kutafuta mchawi. Mmoja alisema ni mvua. Mwingine alisema wimbo wa kampeni haukuwa na mdundo. Wa tatu alisema Mtungi wamenunua watu, wa nne akasema wananchi hawana shukrani, na wote wakapiga meza kukubali hilo. Walipomfikia Shechonge walikuwa wamejiandaa kumvua koti, wakashangaa kumwona amekuja bila koti, na viatu vyake vinanuka.

"Nilitia alama kila nyumba," aliwaambia. "Nilihesabu vibuyu. Kura nilidhani ni hivyo hivyo vibuyu." Kisha akawaambia lile neno la shangazi yake, akaketi.

Walimcheka, wakamwondoa ukatibu. Neno lenyewe hawakuweza kuliondoa. Uchaguzi uliofuata wakapoteza na bondeni, na hapo ndipo mmoja wao akakumbuka kulirudia, polepole, bila kucheka.

Na msidhani Mtungi walipona, Namkunda, usitabasamu hivyo. Nanzia akiwa gavana alilitengeneza tangi mwezi wa pili tu, lori likarudi, watu wakalipa ada. Mwaka wa sita alipanda Kilongo na msafara wa magari manane. Akashuka mbele ya nyumba ya Bi Mwanamvua, na bibi yule, ambaye sasa alikuwa anatembelea fimbo, akamkaribisha barazani na kumletea kibuyu kipya, kimenakshiwa shanga. Walioshuhudia wanasema Gavana alikipokea akitabasamu, kisha akakitazama, na uso ukamwisha damu. Akakiweka chini bila kunywa. Akavua viatu, akazungukia uani mbio, na walinzi wake wakamfuata wakidhani kuna bomu.

Bi Nambua akamaliza hadithi yake. Akapepeta maharage yake, makapi yakaruka.

Hoza alikuwa anacheka bado. "Uso ukamwisha damu! Gavana mzima!"

"Ndiyo. Sasa niambie wewe. Asubuhi ulipopita kwa Mama Elisa, ulipitia wapi?"

"Mbele, Bibi. Barazani. Alinipokea vizuri sana, akani..."

Hapo akakwama. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Namkunda naye?"

Namkunda alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. "Viwili," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi alinipa viwili."

Wakatazamana, fulana kwa fulana. Ndiyo kwanza wamekumbuka kwamba Mama Elisa hakuwauliza swali hata moja. Alikuwa akitabasamu tu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ana nini Mama Elisa?" aliuliza Hoza.

"Mnaniuliza mimi?" Bi Nambua alicheka, akainuka kwa kushika kiuno. "Nyumba yake ina uani. Nendeni. Na mimi hapa msisubiri kukaribishwa kitu, sina. Kibuyu changu kiko juu ya kabati, hamtakiona leo." Akaanza kuelekea nyuma ya nyumba, kisha akageuka, na safari hii hakuwa akitania.

"Lakini kabla hamjaenda, njooni huku mnishikie kamba. Ng'ombe wangu hajala tangu juzi."

Ndiyo maana watu wa Kilongo, wakimwona mtu anajisifu jinsi anavyopokelewa, hawambishii. Wanasema tu: mgeni hupewa maziwa, jirani huambiwa ng'ombe anaumwa.